Kaburi Lililo Tupu Pale Arlington

Katika Makaburi ya Taifa ya Arlington, ng'ambo ya mto Potomac ukitokea Washington, Marekani imetenga mahali pa kuwaheshimu askari wake waliokufa vitani na kuzikwa bila kutambuliwa. Wengi wetu tunapajua kwa picha: sanduku kubwa la marumaru nyeupe juu ya kilima, mlinzi mmoja akitembea mbele yake kwa hatua zilizopimwa, na wageni wamesimama kimya. Jambo lisiloonekana vizuri katika picha nyingi ni mabamba matatu ya mawe yaliyolazwa chini, upande wa magharibi wa sanduku hilo. Chini ya bamba moja amelala askari wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na chini ya jingine amelala askari wa Vita vya Korea. Chini ya lile la katikati hakuna mtu. Mwaka 1984 alizikwa humo askari wa Vita vya Vietnam, mwaka 1998 akafukuliwa, na serikali ikaamua kwamba kaburi hilo libaki tupu.

Nimesoma habari za mahali hapa kwa muda mrefu, na kila ninapoongeza kusoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kaburi hilo tupu ndilo linalowatendea haki wafu kuliko mengine yote pale. Najua kauli hiyo inaweza kuwaudhi baadhi ya wasomaji, hasa waliopoteza ndugu vitani wasiwaone tena, kwa hiyo naomba nieleze taratibu sababu za kufikia hapo.

Arlington ilikuwa na askari wasiojulikana tangu zamani. Mwaka 1866, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mifupa ya askari 2,111 iliyookotwa katika medani za Virginia ilikusanywa na kuzikwa pamoja katika shimo moja karibu na nyumba iliyokuwa ya Jenerali Robert E. Lee. Hakuna aliyeweza kusema ni nani na nani, na bila shaka wamo humo askari wa pande zote mbili. Kaburi lile lilikuwa la lazima. Watu wamekufa, nao ni lazima wazikwe. Fikra ya kumchukua mmoja tu miongoni mwa wasiojulikana na kumzika kwa heshima za mkuu wa nchi, awe badala ya wenzake wote, ilikuja baadaye, na ilitoka Ulaya.

Kasisi mmoja wa jeshi la Uingereza, David Railton, aliona mwaka 1916 huko Armentières, Ufaransa, kaburi ndani ya bustani ya nyumba. Lilikuwa na msalaba wa mbao, na juu yake maneno yaliyoandikwa kwa penseli kwamba pale amelala askari wa Uingereza asiyejulikana. Kaburi lile halikumtoka moyoni. Mwaka 1920 alimwandikia mkuu wa Kanisa la Westminster Abbey akipendekeza askari mmoja wa namna hiyo aletwe nyumbani na kuzikwa kati ya wafalme, na tarehe 11 Novemba mwaka huo likafanyika hivyo. Siku hiyo hiyo Ufaransa nayo ilimpeleka askari wake kwenye Arc de Triomphe mjini Paris. Anayetaka kuelewa kwa nini jambo hili lilienea upesi kiasi hicho na akumbuke vita vile vilivyokuwa. Mizinga ilipiga sehemu moja kwa wiki kadhaa, maiti zikazikwa na tope, makaburi yaliyokwisha kuchimbwa yakapigwa tena. Maelfu ya familia waliletewa taarifa ya kifo tu, bila mwili, bila kaburi, bila hata mahali pa kuelekeza dua.

Bunge la Marekani lilipitisha azimio lake mwezi Machi 1921. Namna askari huyo alivyochaguliwa inastahili kusimuliwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake mna wazo zima la mnara huu. Miili minne ilifukuliwa kutoka makaburi manne ya Wamarekani nchini Ufaransa: Aisne-Marne, Meuse-Argonne, Somme na St. Mihiel. Kila mmoja ulichunguzwa ili kuthibitisha kwamba alikuwa askari wa Marekani, kwamba alikufa kwa majeraha ya vita, na kwamba hapakuwa na alama yoyote ya kumtambulisha. Majeneza manne yanayofanana yalipelekwa katika ukumbi wa jiji la Châlons-sur-Marne. Alfajiri ya tarehe 24 Oktoba 1921, kabla ya sherehe kuanza, afisa mmoja aliamuru majeneza yahamishwe, kila moja likawekwa juu ya kasha la safari ambalo silo lililokuja nalo, ili hata yule aliyesafiri nayo asiweze kusema hili limetoka wapi. Kisha akaingia peke yake Sajini Edward F. Younger, askari aliyejeruhiwa mara mbili katika vita hivyo, akiwa na shada la mawaridi meupe. Akayazunguka majeneza, akaliweka shada juu ya mojawapo, akapiga saluti. Watatu waliobaki walirudishwa kuzikwa Meuse-Argonne.

Tazama juhudi iliyofanywa pale ili kutojua. Ilikuwa juhudi ya huruma. Mama yeyote wa Marekani ambaye mwanawe hakurudi aliweza kusema, labda huyu ndiye wangu, na hakuna afisa wala karani ambaye angeweza kumkatalia. Ndiyo sababu, jeneza lilipofika Washington kwa manowari iitwayo Olympia na kulazwa katika jengo la Bunge, watu wapatao 90,000 walipita mbele yake kwa siku moja. Tarehe 11 Novemba 1921 Rais Warren Harding aliongoza mazishi. Mzee Plenty Coups, chifu wa watu wa Crow, aliweka juu ya kaburi kilemba chake cha manyoya cha vita pamoja na fimbo yake, kwa niaba ya Wahindi Wekundu waliopigana katika jeshi la nchi ambayo wengi wao ilikuwa bado haijawapa uraia. Kwangu mimi hiyo ni mojawapo ya heshima kubwa zilizotolewa siku ile, nayo huwa inatajwa kwa haraka mno.

Kaburi lenyewe lilikaa miaka kadhaa likiwa bamba la kawaida. Watu walikuwa wakipanda kilimani kuangalia mandhari ya jiji, na wengine wakakaa juu ya jiwe wakila chakula chao, hadi ikalazimu kuajiri mlinzi wa kiraia mwaka 1925 na askari mwaka uliofuata. Tangu 1937 halijaachwa bila mlinzi usiku wala mchana. Sanduku la marumaru tunaloliona leo, lililochimbwa katika milima ya Colorado, lilikamilika katika miaka ya mwanzo ya 1930, na upande mmoja limeandikwa maneno yanayosema kwamba hapa amepumzika kwa heshima na utukufu askari wa Marekani ambaye anajulikana na Mungu peke yake.

Walinzi wenyewe hutoka katika Kikosi cha 3 cha Askari wa Miguu, na kazi yao nimeitazama katika filamu nyingi. Mlinzi hutembea hatua 21 juu ya zulia jeusi, husimama na kuligeukia kaburi kwa sekunde 21, hugeuka tena na kusimama sekunde nyingine 21, kisha huihamisha bunduki na kurudi hatua 21. Hesabu hiyo imetokana na mizinga 21, ambayo ni saluti ya juu kabisa ya kijeshi. Bunduki huwa daima kwenye bega lililo upande wa wageni, maana yake yeye amesimama kati ya kaburi na chochote kinachoweza kulijia. Lakini jambo dogo linalonigusa zaidi liko kwenye sare yake: mlinzi akiwa zamu havai alama ya cheo. Cheo cha aliyelala pale hakijulikani, kwa hiyo aliye hai haruhusiwi kujionyesha kuwa mkubwa kwake. Sijui kanuni ya kijeshi inayoeleza unyenyekevu kwa uwazi kuliko hiyo.

Mwaka 1958 waliongezwa wawili, wa Vita Kuu ya Pili na wa Korea, kwa utaratibu ule ule wa kuchagua kati ya majeneza yasiyotofautishwa. Hadi hapo sina la kulalamikia. Teknolojia ya wakati ule haikuweza kufanya zaidi.

Vietnam ilikuwa tofauti. Mwaka 1973 Bunge liliidhinisha azikwe pale askari asiyejulikana wa vita hivyo, na kaburi likatayarishwa kabla hajapatikana wa kulazwa ndani yake. Miaka ikapita. Helikopta zilikuwa zimewaondoa majeruhi na maiti upesi kuliko katika vita vyovyote vya nyuma, na wataalamu wa maabara ya jeshi huko Hawaii waliendelea kuwatambua wale wachache waliobaki. Wakati huo huo askari waliopigana Vietnam walijiona wamesahauliwa na nchi yao, na mahali palipoachwa wazi pale Arlington paliwauma kama ushahidi wa kusahauliwa huko. Shinikizo likawa kubwa, na ninalielewa. Tarehe 28 Mei 1984 Rais Ronald Reagan alisimama mbele ya jeneza na kumtunuku aliyekuwamo Nishani ya Heshima, nishani ya juu kuliko zote za kijeshi nchini humo.

Katika hotuba yake Reagan aliuliza maswali. Je, kijana huyu alicheza utotoni katika barabara za mji mkubwa, au alifanya kazi shambani pamoja na baba yake? Alioa? Alikuwa na watoto? Akasema kwamba majibu hayatajulikana kamwe.

Majibu yalikuwapo, yamo ndani ya majalada ya jeshi lenyewe. Tarehe 11 Mei 1972, Luteni Michael Joseph Blassie wa Jeshi la Anga, mzaliwa wa jiji la St. Louis mwenye umri wa miaka 24, aliangushwa pamoja na ndege yake ya kivita aina ya A-37 karibu na mji wa An Lộc. Mapigano yalikuwa makali hata haikuwezekana kuufuata mwili. Mwezi Oktoba mwaka ule ule doria ya askari wa Vietnam Kusini ilifika mahali hapo, ikaokota mifupa sita, mabaki ya vifaa vya rubani, na kitambulisho chenye jina la Blassie. Kitambulisho kikapotea njiani, lakini mifupa ilipofikishwa ilihifadhiwa kwa jina lake, ikielezwa kwamba inaaminika kuwa yake. Mwaka 1980 bodi ya jeshi ilikaa, ikatazama makadirio ya umri na kimo yaliyofanywa kwa mifupa hiyo pamoja na kipimo cha kundi la damu, ikaona havilingani na kumbukumbu za rubani. Jina likaondolewa, na mahali pake pakawekwa herufi na tarakimu: X-26. Miaka minne baadaye X-26 ndiye aliyepigiwa saluti na Rais.

Sitaki kusema kwamba watu wale walikuwa waovu. Vipimo vyao vilikuwa hafifu, nao waliviamini. Ninachokiona ni kwamba taifa lilikuwa na kaburi linalosubiri mtu, na mtu aliye na jina nusu akaonekana kufaa zaidi akiwa hana jina kabisa. Familia yake ilijua tu kwamba alianguka na hakuonekana tena. Hawakuambiwa juu ya kitambulisho wala mifupa. Kwa miaka 14 mama yake aliishi St. Louis bila kujua kwamba viongozi wa nchi na wageni wa mataifa waliokuwa wakiweka mashada pale kilimani walikuwa, bila wao wenyewe kujua, wakiyaweka juu ya mwanawe.

Habari zilianza kuvuja katika miaka ya 1990, kwanza kupitia askari wa zamani aliyefuatilia nyaraka, kisha vyombo vya habari vikazithibitisha, na familia ikaomba kaburi lifunguliwe. Hapo ndipo ulipozuka mjadala mgumu. Waliopinga walisema askari huyu amekuwa mali ya wote. Ukimpa jina, unamnyang'anya kila mama aliyesema labda huyu ni wangu, ili kumrudisha kwa mama mmoja. Hoja hiyo ina uzito, na ningekuwa mmoja wa akina mama hao huenda ningeisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Lakini faraja ya wengi haiwezi kusimama juu ya kumficha mtoto wa mtu. Huruma ya Châlons ilikuwa halali kwa sababu hakuna aliyekuwa na njia ya kujua. Mara tu njia inapopatikana, kuendelea kutojua huwa ni uamuzi, na aliyelala humo hawezi kuulizwa kama anaukubali.

Kaburi lilifunguliwa tarehe 14 Mei 1998 kwa idhini ya Waziri wa Ulinzi, William Cohen. Wataalamu walitumia aina ya vinasaba ambayo mtu huirithi kwa mama peke yake, na ambayo hudumu ndani ya mfupa hata pale vinasaba vingine vimekwisha kuharibika. Walilinganisha sampuli ya mfupa na damu za jamaa wa upande wa mama wa marubani kadhaa waliopotea eneo hilo. Mwisho wa mwezi Juni likatoka jibu: ni Blassie. Tarehe 11 Julai alizikwa upya nyumbani kwao, katika makaburi ya taifa ya Jefferson Barracks, jina lake likiwa limechongwa juu ya jiwe. Maswali ya Rais yalipata majibu yake: kijana wa mjini, mtoto wa kwanza katika familia ya watoto watano, mhitimu wa chuo cha Jeshi la Anga wa mwaka 1970.

Nishani ya Heshima haikumfuata. Familia iliiomba, Wizara ya Ulinzi ikakataa, ikieleza kwamba ilitolewa kwa Askari Asiyejulikana na si kwa Luteni Blassie mwenyewe. Kisheria naona mantiki yake. Hata hivyo inanisikitisha kwamba nishani ikaachwa bila mtu, na mtu akarudi kwao bila nishani, wakati mwili uliopewa nishani hiyo ulikuwa wake.

Baada ya hapo serikali ingeweza kutafuta mwingine wa kumweka. Haikufanya hivyo. Mwezi Septemba 1999 bamba la katikati liliwekwa wakfu upya, likiwa na maandishi ya kuwaheshimu wanajeshi wa Marekani waliopotea na kuahidi kuwa waaminifu kwao. Sioni kwamba taifa lilipoteza kitu siku ile. Kaburi lililofungwa huwaambia walio hai kwamba kazi imekwisha. Lililo tupu huwakumbusha kwamba bado kuna wanaotafutwa. Na wako wengi. Wizara ya Ulinzi inahesabu zaidi ya Wamarekani 80,000 ambao hawajapatikana au kutambuliwa tangu Vita Kuu ya Pili, wengi wao wakiwa wamezama baharini.

Mfano unaonipa moyo ni ule wa manowari ya Oklahoma, iliyozamishwa Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941 pamoja na watu wake 429. Wakati wa vita walitambuliwa 35 tu. Waliosalia karibu wote walizikwa Hawaii katika makaburi ya pamoja, mifupa ikiwa imechanganyika, chini ya mawe yenye neno lile lile la kutojulikana. Mwaka 2015 makaburi hayo yakaanza kufunguliwa. Mifupa ilitenganishwa mmoja mmoja, jamaa walio hai wakatafutwa na kuombwa sampuli, wengi wao wakiwa wajukuu na wapwa ambao hawakuwahi kuwaona marehemu. Kazi ilipofungwa mwaka 2021, kati ya mamia wale walibaki 33 tu. Hao walizikwa tena kwa heshima siku ya kutimia miaka 80 ya shambulio. Hao 33 ndio ninaoweza kuwaita wasiojulikana kwa dhamiri safi, maana kila mlango umekwisha kubishwa kwa ajili yao.

Wapo wanaohuzunika kwamba sayansi imeufikisha mwisho utaratibu wa kumchagua Askari Asiyejulikana, kwa kuwa tangu miaka ya 1990 jeshi hilo huhifadhi sampuli ya vinasaba ya kila anayejiunga. Mimi siwezi kuhuzunika nao. Familia inayoletewa mwili wenye jina haihitaji mnara wa kuibadilishia msiba wake uwe fumbo.

Linabaki swali la wale watatu ambao bado wamo: wa 1921, na wale wawili wa 1958. Je, nao wafukuliwe? Mwongozo uliotolewa mwaka 2015 kwa makaburi mengine ya askari wasiojulikana unasema kwamba kaburi la mtu mmoja laweza kufunguliwa pale utafiti unapoonyesha uwezekano wa zaidi ya nusu wa kumtambua. Ningependa kipimo hicho hicho kitumike kilimani Arlington, bila kulegezwa wala kukazwa. Pasipo na ushahidi wa kuelekea kwenye jina fulani, waachwe walale, na mlinzi aendelee na hatua zake. Udadisi peke yake si sababu ya kumsumbua maiti. Lakini likitokea jalada, kama lilivyotokea la An Lộc, na ndani yake mna jina na kuna jamaa wanaouliza, jiwe lifunguliwe, hata likiwa ni lile la marumaru.